Mwanamke Aliyeomba Jua

Dawa ya kung'arishia ilikuwa imemwingia kwenye nyufa za vidole, na kila alipokamua shuka Mama Povu aliuma meno. Dobi wa zahanati hachagui doa. Damu yake, matapishi yake. Mkuu wa wauguzi hunusa mashuka moja moja kabla ya kuyapokea. Yakirudishwa mara tatu kwa uvundo, kazi anapewa mwingine. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha yeye na mumewe.

Uani kwake jua lilichelewa kufika. Asubuhi lilizibwa na ukuta wa ghala, upande wa mashariki. Saa sita lilichungulia, na kuanzia hapo likamwagika mpaka jioni, kwa kuwa upande wa magharibi palikuwa na kiwanja kitupu. Sasa hapo ndipo walipotaka kujenga hosteli ya wanafunzi, ghorofa saba.

Mumewe, mwashi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi na miguu yake ikafa, alipiga hesabu ya kivuli cha ghorofa hiyo kitandani, kwa rula na kipande cha penseli.

"Saa saba kasoro," alisema. "Halafu basi."

"Basi nini?"

"Basi jua, mke wangu. Utaliona kwa wenzio."

Kwenye kikao cha wakazi kila mtu alitoa la moyoni. Fundi viatu aliogopa kelele, wengine waliogopa maji kukatika. Mama Povu hakuwa msemaji, kwa hiyo alileta shuka. Alikuwa amelianika kivulini siku tatu makusudi. Zamu yake ilipofika alilikunjua mbele ya meza kuu.

"Nuseni," alisema.

Mtaalamu wa mradi, bwana mpole mwenye miwani, alirudisha kiti nyuma. "Mama, shida yako hasa ni ipi?"

"Jua, baba. Mkijenga pale nguo hazitakauka."

"Wanafunzi mia nne hawana pa kulala. Wengine wanalala madarasani. Hao si watoto wetu?"

"Ni wetu. Sijasema wasilale. Nasema wasilalie jua langu."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Yeye hakuwa ametania, na kilichomuuma zaidi ni kwamba majirani ndio waliocheka sana.

Mtaalamu alipekua fomu. "Hapa nina kelele, maji, usalama na taa za barabarani. Jua sina. Niliweke wapi?"

"Liweke kwenye taa," alisema mwenyekiti wa mtaa, akitazama saa yake. "Tusonge mbele, watu wana njaa."

"Sikuomba taa," Mama Povu alisema, lakini aliyefuata alikuwa ameshasimama.

Mwezi ulipopita barua ililetwa. Mumewe aliisoma kwa sauti: mkazi mmoja amelalamikia giza mtaani, mwekezaji, kwa ujirani mwema, ataweka taa mbili kabla ya ujenzi kuanza, pingamizi limefungwa.

"Wamekujibu," alisema, akageuzia uso ukutani. Mama Povu alikaa ukingoni mwa kitanda akalia, bila kujificha.

Jioni fundi viatu alipita kumpa mkono. "Hongera, dada. Miaka mingapi tunaomba taa? Kumbe tulikosa wa kutusemea."

Wengine nao walipita, mmoja akiwa na ndizi mkononi, na kila aliyeshukuru alimfanya ajute kufungua mdomo.

Mafundi wa taa walifika Jumatatu, saa saba mchana, kamba zikiwa zimejaa mashuka. Msimamizi wao alifungua ramani, akahesabu hatua kutoka barabarani, akaingia uani na kusimama penye nguzo ya kati ya kuanikia.

"Ni hapa. Anua nguo, mama."

"Subirini zikauke."

"Tuna mitaa mingine. Na taa yenyewe ni yako, imeandikwa kwa jina lako."

Wakang'oa nguzo. Aliwahi mashuka kabla hayajagusa chini, akayatupia mabegani, mengine mikononi, mpaka hakubaki na nafasi. Mengi yalikuwa bado yanadondosha maji. Akasimama katikati ya ua, mikono ameinyoosha pande zote mbili, jua likimpiga usoni, huku sururu zikishuka.

"Sogea kidogo," alisema msimamizi, "tutakurushia udongo."

Akasogea hatua moja, mikono bado ameinyoosha.