Nzige wa Bondeni

Watoto walikuwa katikati ya kuimba silabi, ba be bi bo bu, kuku alipoingia kanisani walimosomea akipepesuka kama mlevi. Alizunguka mbele ya ubao, akakaa chini, akalaza shingo, akafa.

"Nyama!" alipiga kelele Danford, na darasa zima likalipuka kwa furaha. Tangu nzige wekundu washuke kijijini Itaka na kuutafuna ulezi hadi mashina, nyumba nyingi hazikupika chochote zaidi ya mboga za porini na nzige wenyewe.

Mwalimu Yunisi hakufurahi. Kuku alikuwa wake, wa mwisho. Yunisi alikuwa mjane mwembamba, aliyepewa kufundisha wadogo kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na subira nao. Alimwinua yule kuku, akampapasa, kisha akawatoa watoto wote nje, kwenye kivuli cha ukuta. Hapo akachukua kisu, akapasua firigisi.

"Kuku amekula nini?"

"Nzige!" Miguu ya nzige ilionekana wazi humo.

"Na nzige alikula nini?"

"Ulezi wetu," alisema Amoni.

"Na hizi je?"

Kwenye ncha ya kisu zilinata chembe za pumba. Amoni alizitazama, kisha akageukia bondeni. Vibarua wa serikali walikuwa wamepita kule juzijuzi, wakimwaga pumba zilizochanganywa na sumu ya kuua nzige. Waliwaonya watu wasilishe ng'ombe huko, na kweli ng'ombe wote walizuiwa.

"Pumba za sumu," alisema Amoni, kwa sauti ndogo.

"Sumu imeingia kwenye pumba, pumba zikaingia kwa nzige, nzige akaingia kwa kuku. Sasa nikimtia kuku chunguni, halafu?"

Danford alirudi nyuma, mikono mgongoni, kana kwamba nyama ingemrukia.

"Danford, Amoni, kimbieni. Piteni kila nyumba. Waambieni wasile nzige wa bondeni, wala kuku aliyekufa."

Walipotoka mbio, ndipo Mwalimu alipomwona Enesi, mdogo kuliko wote, amekumbatia kikapu kilichofunikwa jani la mgomba.

"Umewaokota wapi, mwanangu?"

"Bondeni. Walikuwa hawaruki, Mwalimu, hata jua lilipochomoza. Mama amesema tutawakaanga mchana." Alikibana kikapu zaidi. "Wangu hawajafa. Wamelala tu."

Yunisi angeweza kumpokonya. Badala yake alipiga magoti. "Hawajalala, Enesi. Wamepatwa na kile kilichompata kuku wangu."

Mtoto akamkabidhi kikapu, na machozi yakamtoka.

"Basi tutakula nini?"

Mwalimu aliwaagiza watoto wakubwa wachimbe shimo nyuma ya kanisa, wawatupe humo kuku na nzige, wafukie. Akanawa mikono mara mbili, kwa majivu. Halafu akaingia nyumbani kwake, akatungua kibuyu cha mbegu kilichoning'inia juu ya meko, akamimina ulezi kwenye jiwe. Alisaga haraka, asije akajionea huruma.

Nesta, mama yake Enesi, alimkuta hapo. Alikuja akifoka tangu njiani.

"Mwalimu! Ndiyo nini kutukataza kitoweo? Wewe una..." Akaliona jiwe. "Hiyo ni mbegu."

"Ni mbegu."

"Mvua zikirudi utapanda nini?"

"Sijui, Nesta. Wewe umeshawala, wale wa bondeni?"

"Bado. Nilikuwa nawasha moto tu, namsubiri Enesi, ndipo Danford akaja na..." Alibaki mlangoni, akitazama mikono ya mwenzake ikienda na kurudi juu ya jiwe. Kisha akapiga magoti, akamsukuma Yunisi kwa bega.

"Sogea. Unasaga kwa pupa, utamwaga."

Uji ulipoanza kuchemka, watoto walijipanga wenyewe, kila mmoja na kibuyu au kopo lake. Enesi hakuwemo. Yunisi alizunguka nyuma ya kanisa kumtafuta.

Wachimbaji walikuwa wamenusa uji, wakaacha shimo nusu wazi. Mstari wa sisimizi ulikuwa unakuja kutoka nyasini, moja kwa moja kuelekea shimoni. Enesi alikuwa amechuchumaa njiani mwao na unyasi mkononi, anamgeuza mmoja, anamgeuza mwingine.

"Huku hapana," alikuwa akiwaambia. "Rudini. Mwalimu anapika."