Chungu Kisichosema

Mama alikuwa ameshafika kwenye mfereji wa tatu wa boga. Huwa halitazami anapolikata. Hupitisha kidole gumba cha kushoto kwenye ule mfereji unaoshuka kutoka kwenye kikonyo, kisu kikifuata nyuma yake polepole, kisha kipande huanguka juu ya kibao kwa kishindo kidogo.

"Limekomaa hili," alisema. "Umesikia lilivyolia?"

"Nimesikia, Mama."

"Basi usinisimamie hapo kama askari. Nenda kwenye cherehani yako."

Sikwenda. Nilikuwa nimeahidi kwamba sitanyoosha mkono, lakini sikuahidi kufumba macho.

Macho yake yeye yameingia ukungu, huu mwaka wa pili. Anaona mwanga, anaona umbo la mtu mlangoni, ila tundu la sindano na herufi za kitabu zimeshampotea. Wiki tatu kabla ya Jumamosi hii ya boga alikuwa amebandika sufuria kwenye jiko la gesi, akaacha kitambaa cha jikoni karibu mno, kitambaa kikashika moto. Aliuzima mwenyewe kwa gunia bichi, bila kelele. Mimi nilikuwa chumba cha mbele nikishona, sikujua kitu mpaka niliponusa. Ukutani lilibaki doa jeusi la ukubwa wa sinia.

Kaka yangu alipoliona doa lile hakugomba. Aliuchomoa mtungi wa gesi kwenye jiko, akaubeba, akautia kwenye buti la gari lake. Kaka ni mwalimu wa udereva. Kwa miaka kumi na minane kazi yake imekuwa kukaa kiti cha pembeni na kumsubiri mtu akosee, na mazoea hayo hayaachi mlangoni. Ukibeba chai ya moto mbele yake, mguu wake wa kulia hukanyaga sakafu kutafuta breki.

"Mama atahamia kwangu," alisema siku ile.

"Nikifika huko nitafanya nini?" Mama akamuuliza.

"Utapumzika."

"Nimechoka na nini?"

Mama akaendelea, kwa sauti ileile ya chini: "Jikoni kwa mke wako mimi ni mgeni. Nitakaa kwenye kochi kama mto. Watu watakuja, watanisogeza, watakaa."

Walivutana mpaka chai ikapoa. Mwisho wake ndio huu: Kaka alileta chungu cha umeme, kile cha kupika kwa moto mdogo kwa saa nyingi, ambacho hakina mwako na ukikisahau hakiunguzi nyumba. Akatoa wiki mbili. Jumamosi ya pili angekuja kula saa saba mchana. Kama Mama angempikia chakula kikaiva, bila msaada wa mtu na bila kitu kuharibika, angebaki nyumbani kwake. Kama sivyo, tungefungasha vyombo siku hiyohiyo.

Tatizo halikuwa macho. Mama hajawahi kupika kwa macho hata alipokuwa nayo mazima. Anapika kwa masikio. Kitunguu kikianza kunong'ona ndani ya mafuta, anajua bado. Kikianza kusema kwa sauti, anajua tayari. Maji yakipungua sufuriani mlio hubadilika, naye ataacha mazungumzo katikati aende akaongeze. Sasa akaletewa chungu kinachokaa kimya kutoka asubuhi mpaka mchana. Hakichemki kwa kelele, hakitikisi kifuniko. Kitu pekee kinachosema ni swichi yake: tik moja moto mdogo, tik mbili moto mkubwa.

"Kimenuna," alisema siku ya kwanza, akafunua kusikiliza. Baada ya dakika kumi akafunua tena.

Nilihesabu kwa chaki juu ya meza yangu ya kukatia nguo: mara kumi na moja. Boga la siku ile lililotakiwa liive mchana tulilila tukiwa tumeshawasha taa, na katikati bado lilikuwa linagoma.

Usiku ule nikamsomea kijitabu kilichokuja na chungu. Kilisema kila ukifunua, joto linatoka, nawe uongeze kama nusu saa.

"Kumbe kina wivu," alisema Mama.

Kuanzia hapo alianza kujifundisha. Alikuwa anakaa kwenye kiti kandokando ya mlango wa nyuma, mikono ameifungia ndani ya aproni, kama mtu aliyezuiwa kujikuna. Kutoka kumi na moja akashuka hadi saba. Kutoka saba, nne. Wiki ya pili ikawa mbili, halafu moja. Alhamisi moja, Ijumaa moja. Hiyo moja ilimshinda kabisa kuiondoa. Na kwa boga la kuanza saa moja asubuhi na kuliwa saa saba, kwa vipande vikubwa anavyovipenda yeye, hapakuwa na nafasi hata ya hiyo moja.

Basi Jumamosi hiyo alimaliza kukata nusu ya boga, nusu nyingine akaifunika kwa kitambaa. Akamenya vipande, akavipanga chunguni upande uliokuwa na ganda ukitazama chini, akatia vitunguu viwili, tangawizi aliyoiponda, chumvi kwa vidole vitatu, na kikombe kimoja cha maji. Maziwa yangeingia mwishoni. Akaweka kifuniko, akakizungusha mpaka kikakaa sawa, akatafuta swichi kwa kidole. Tik.

"Saa ngapi?"

"Saa moja kasoro dakika mbili."

"Nimekutangulia," akakiambia chungu, akaenda nje na kapu la nguo za kuanika.

Nilirudi kwenye kazi yangu. Nilikuwa na sketi sita za sare za kupinda, na kwa kawaida sketi sita zinanimaliza mpaka saa nne. Siku hiyo mshono ulikuwa unanikimbia. Niliufumua mara mbili. Kila nikisimamisha cherehani nasikiliza kama kifuniko kimelia, nasikia kimya. Moyo unaniambia amesahau kutia maji. Nimemwona akitia kwa macho yangu, na bado moyo unaniambia amesahau.

Saa tatu nilikwenda jikoni kunywa maji. Mama alikuwa nje bado, namsikia akikung'uta shuka. Kioo cha kifuniko kilikuwa kimejaa jasho, ndani hakuonekani kitu. Nikasimama pale na bilauri mkononi. Nilijiambia nainua kidogo tu, upande mmoja. Maji yalikuwepo, vipande vilikuwa vimekaa alivyovipanga. Nikarudisha kifuniko, nikarudi kwenye sketi zangu, na mshono ukatulia.

Saa nne na nusu akaja kinyozi wa jirani, ameshika kitambaa chake cha kufunikia wateja, kamba ya shingoni imekatika.

"Nishonee haraka, dada, nina mtu nimemwacha nusu kichwa."

"Nusu gani?"

"Nusu anayoiona kwenye kioo iko tayari. Hana wasiwasi."

Wakati nikimshonea alipita jikoni kwenda kumsalimu Mama mlango wa nyuma. Nilikuwa nakanyaga pedali, sikusikia kingine zaidi ya sindano. Alirudi akisifu harufu, akachukua kitambaa chake, akaondoka mbio.

Kaka alifika saa sita na robo, badala ya saa saba. Alikuwa amebeba maboksi manne yaliyokunjwa chini ya kwapa, simu ameibana kati ya sikio na bega. Aliyaegemeza maboksi ukutani, chini ya lile doa jeusi. Nikayatazama, naye akaona ninavyoyatazama, akanipa kisogo akaendelea na simu yake jikoni. Hata hatujasalimiana.

Nilijua basi kwamba ameshaamua. Lakini namfahamu kaka yangu. Mtu aliyekwisha kutumbukizwa mtaroni na wanafunzi wake mara tatu, akavutwa, hawezi kwenda mahali bila kamba. Huenda maboksi yalikuwa kamba tu. Nikaamua nisiseme kitu kabla ya saa saba.

Saa saba Mama aliingia, akanawa mikono, akavaa aproni safi. Kaka akasimama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja mapema."

"Barabara zilikuwa nyeupe."

Mama akafunua chungu. Ni mara yake ya kwanza siku ile. Akainamisha uso kwenye mvuke, akachukua kisu kidogo, akakichomeka kwenye kipande cha juu. Kilizama kidogo kikasimama. Akajaribu cha pembeni. Kikasimama palepale.

Kaka alitazama kisu, akatazama maboksi. Mguu wake wa kulia ulikuwa umetulia kabisa, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Bado," Mama alisema.

"Mama," Kaka akaanza, kwa sauti ya upole anayowapa waliofeli. "Umejitahidi. Hakuna anayesema hukujitahidi."

"Mimi leo sijafunua."

"Sawa, Mama, lakini..."

"Sijafunua hata mara moja. Kimefunuliwa mara tatu." Alirudisha kifuniko, akakizungusha kikakaa. "Saa tatu, mtu wa kandambili. Aliinua upande mmoja, akarudisha taratibu kama mwizi wa sukari. Nikajua ni mwanangu wa kike, nikamsamehe. Saa nne na nusu, viatu vya kuburuza. Huyo hakuinua tu, alichota na kijiko, maana nilisikia kijiko kinagonga meno."

Dirisha la jikoni linatazamana na uchochoro, na ng'ambo ya uchochoro ndipo kilipo kibanda cha kinyozi.

"Mama, nilionja mchuzi tu!" sauti ikatoka huko. "Chumvi iko sawasawa!"

"Nyoa watu wewe!" Mama akamjibu, kisha akageuka alikojua Kaka amesimama. "Na saa sita na robo akaja wa tatu. Huyo ndiye aliyeniua. Alishika kifuniko mkononi muda wote anaongea na simu. Nilikuwa naanua taulo la mwisho. Nikasikia: achia klachi polepole, polepole nimesema, sasa weka gia ya kwanza."

Nilitazama chini. Mimi ndiye niliyecheka kwanza, na haikuwa haki yangu kucheka, kwa hiyo nikaanza kuungama. Nikasema aliyefunua saa tatu ni mimi.

Kaka alisimama mdomo wazi kidogo. "Nilichungulia tu," alisema.

"Hicho kifuniko ni cha kioo. Mchungulia hashiki."

"Kilikuwa kimejaa mvuke."

"Maana yake kilikuwa kinapika."

Akavuta kiti, akakaa. Akajipangusa uso kwa kiganja. Mama hakumharakisha. Aliegemea meza mikono ndani ya aproni, na niliona kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kwamba ameogopa, kwa sababu vidole vilikuwa vinatembea ndani ya kitambaa.

"Nikuulize kitu cha kazini kwako," alisema. "Mwanafunzi yuko kwenye mtihani. Mwalimu akanyoosha mkono akashika usukani. Gari likaingia ukingoni. Amefeli nani?"

Kaka ni mtu mgumu, lakini kwenye mambo ya kazi hadanganyi.

"Hajafeli mtu," alisema. "Mtihani unarudiwa."

"Lini?"

"Siku ya kwanza yenye nafasi."

"Kesho nina nafasi," Mama akasema. "Na boga nusu."

Kaka akatazama maboksi yake. Kisha akatazama doa la ukutani. Hakusema kwamba amekubali Mama abaki. Alisema tu, "Kesho saa saba. Sitakuja mapema."

"Njoo hata saa kumi na mbili asubuhi, mradi mikono uiache kwenye gari."

Tulikula mkate na mayai niliyoyachemsha kwenye birika la umeme, tukinong'ona karibu na chungu kama kuna mgonjwa. Saa tisa kisu kilizama hadi mpini. Mama akatia maziwa, akaponda kwa mwiko, na Kaka akala bakuli mbili. Lakini hilo halikuhesabiwa, na yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kusema kwamba halihesabiwi.

Nilileta utepe mpana wa mpira kutoka kwenye droo yangu, nikapendekeza tukifunge kifuniko kwa kesho.

"Msinifungie chungu changu," Mama alisema. "Fungeni mikono yenu."

Kabla jua halijazama alifunua ile nusu ya boga iliyobaki, akaniomba nimletee kisu. Kaka alikuwa hajaondoka. Alikaa akimtazama anavyotafuta mfereji kwa kidole gumba, kisu kikifuata nyuma. Mguu wake ulikanyaga sakafu mara moja. Akauvuta chini ya kiti.

"Maganda nitaweka wapi?" Mama aliuliza. "Ndoo imejaa."

Kaka akainuka, akachukua boksi moja ukutani, akalikunjua, akalipiga kitako chake kwa kiganja mpaka likasimama, akaliweka miguuni pa Mama. Matatu aliyaacha yalipokuwa.

Mama alikata kipande kimoja, cha pili, akamenya. Alipofika mfereji wa tatu alisimama, akapapasa mezani.

"Nipeni kijiti cha meno."

Kaka akampa. Mama akakichomeka mwanzoni mwa mfereji, karibu na kikonyo, mahali kidole chake kitakapokikuta asubuhi.

"Nitaanzia hapa," alisema, akalifunika boga kwa kitambaa, akanawa mikono.