Sega la Mlembe

Jumatano ile ya kwanza baada ya vuli, siku ambayo Nambeya, mke wa Matulo, alikula ndiga, viazi mwitu vyenye sumu, ambazo njaa haikumpa nafasi ya kuziroweka, ndiyo siku mambo yote yalipoharibika katika nchi ya Maelekeo. Ingawa wakubwa wa huko, ukiwauliza, watakwambia siku hiyo hapakutokea kitu.

Maelekeo ilikuwa nchi ya mabonde yanayofanana kama mapacha, isiyo na kibao wala barabara, na watu wake waliishi kwa kumtegemea mlembe, yule ndege mdogo wa kijivu anayemfikisha mtu kwenye mzinga. Huko hakuongoza kwenye asali tu. Ulipiga mluzi, ukataja unachokitafuta, iwe mkunga, iwe fundi wa majembe, iwe mbuzi aliyepotea, naye akakutangulia tawi kwa tawi mpaka ukafika. Kisha ukamwachia kipande cha sega, kwa maana wahenga walionya kwamba mlembe anayenyimwa sega leo, kesho humpeleka mtu kwa simba.

Basi wakazuka Wanamakaa, waliohubiri kwamba kila nyumba isiyowafuata iteketezwe, na vijana wakawa wanapiga mluzi kuwatafuta wajiunge nao. Soko lilipoungua, Mwinyi Tulizo, mtawala mwenye tumbo laini na sauti laini zaidi, aliwakamata milembe wote, akawafungia vizimbani, akawalisha uji wa ikulu na kupiga marufuku masega ya watu. Wakafundishwa: anayetaja moto, kisu au sumu, mpelekeni Ukumbi wa Utulivu akaimbiwe amani. Kisha wakaachiwa, na hakuna aliyeambiwa neno. Wananchi ni watoto, alisema Tulizo, na mtoto haonyeshwi kiberiti kilikofichwa.

Matulo angeyajulia wapi hayo? Alitoka mbio, akapiga mluzi. "Dawa ya sumu! Mke wangu anakufa!" Mlembe akaruka, naye akamfuata, akavuka kilima, akavuka mto, jua likimtoboa utosi, mpaka kwenye mlango mkubwa wenye mapazia meupe.

"Karibu, baba," alisema mhudumu, akitabasamu kwa meno yote. "Hasira zako tunazielewa."

"Hasira gani? Nina mgonjwa, mwanangu. Kala ndiga."

"Wote huanza hivyo hivyo. Keti unywe chai, wimbo wenyewe mfupi."

"Wimbo? Una akili timamu wewe?"

"Unaona sasa, baba? Hasira hizo."

Wakamkalisha kwa upole, upole wa wanaume wenye mabega. Aliporudi, Nambeya alikuwa amefunikwa khanga yake mwenyewe mpaka usoni. Mazikoni akaja bibi mmoja, mganga wa sumu, aliyekaa ng'ambo tu ya shamba lao, akalia kuliko wafiwa. Lakini watu waliozoea kuongozwa, nani alijisumbua kujua njia ya kwa jirani?

Tangu hapo Matulo akawa anashinda mlangoni pa Ukumbi, akimwuliza kila mkubwa anayepita ni nani aliyemfundisha ndege. Siku moja Tulizo alisimama.

"Mzee, kafa mmoja ili wengi wapone."

"Huyo mmoja alikuwa akiitwa Nambeya," alijibu Matulo. Tulizo alikwisha kupita.

Kiangazi kilipokolea, moshi ulionekana toka ikulu, umetanda nyuma ya vilima. Wanamakaa walikuwa wamefika. Wao waliacha zamani kupiga mluzi, wakajifunza njia kwa nyayo zao. Tulizo akatoka na askari wake, akatazama mabonde yanayofanana kama mapacha, akapiga mluzi kama mtu yeyote.

"Tuonyeshe moto ulipo!"

Mlembe akaruka. Wakavuka kilima, wakavuka mto, mikuki ikigongana, mpaka kwenye mapazia meupe. Matulo akainuka, akaushika mlango.

"We mzee!" Tulizo alihema. "Moto uko wapi?"

"Karibu, baba," alisema Matulo. "Hasira zako tunazielewa."

Hakucheka. Upande ule wa moshi ndiko kilikokuwa kibanda chake, na kaburi la Nambeya. Juu ya kizingiti mlembe alitulia, akiitazama mikono mitupu ya Mwinyi Tulizo. Je, alikuwa akitimiza alichofundishwa, au alikuwa akidai sega lake?