Saini ya Bi Unga

Kiwandani walimwita Bi Unga, kwa sababu kila jioni alitoka chumba cha kuchanganyia akiwa mweupe pepepe, kuanzia nyusi hadi viatu. Unga wenyewe ulikuwa wa oksidi ya zinki, laini kuliko poda ya mtoto. Kazi yake ilikuwa kuukoroga ndani ya plastiki ya majimaji, ambayo baadaye ilipakwa kwenye reli za vitanda vya hospitali. Ikishakauka, vijidudu vinavyoachwa hapo na mikono ya wagonjwa vinakufa. Lakini vinakufa iwapo tu unga umetawanyika vizuri. Ukigandamana mabonge, unazama chini, na juu inabaki plastiki tupu ambayo vijidudu vinastarehe juu yake.

Kwa miaka kumi na moja Bi Unga hakutoa mchanganyiko wenye mabonge. Alichovya kijiti, akadondosha tone kwenye kioo, akakiinua dirishani na kulikagua kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele.

Ndipo akaja meneja mpya ambaye kila kitu alitaka fasta, na wafanyakazi wakamwita hivyohivyo: Bosi Fasta. Wiki yake ya kwanza alikata muda wa kukoroga, kutoka saa tatu hadi dakika arobaini.

"Mashine ni ileile, unga ni uleule," alisema.

"Unga ni uleule, bosi, ila utakuwa haujafika."

"Haujafika wapi?"

"Kila mahali."

Aliyepima reli zile maabara alikuwa wifi yake Bi Unga, mke wa kaka yake. Siku moja alimwita chemba akamwonyesha visahani viwili vya kuoteshea vijidudu. Cha mchanganyiko wa zamani kilikuwa safi. Cha mchanganyiko mpya kilijaa madoa, utadhani mtu kamwaga ulezi.

"Nimerudia mara tatu, wifi. Nimempelekea bosi, anasema visahani vyangu ni vichafu."

Jumatatu Bosi Fasta alimletea Bi Unga cheti cha ubora, kimejazwa tayari, kinasubiri saini ya mchanganyaji.

"Weka hapa."

"Siweki."

"Unajua nje ya geti kuna watu wangapi wanaitaka kazi yako?"

"Najua. Mwite mmoja, aje asaini."

Hakuwa mbishi wa kuzaliwa. Lakini dada yake mkubwa aliwahi kulazwa na mguu uliovunjika akatoka bila mguu, na si mfupa uliomponza, ni vijidudu vya wodini vilivyoingia kwenye kidonda. Wiki nne alimwona dada yake akijiinua kwa kushika reli ya kitanda. Sasa akimwona mtu yeyote ameshika reli, humwona dada yake.

Siku hiyohiyo alihamishiwa kufunga maboksi. Wenzake wakamwonea huruma. Yeye alifunga maboksi akipiga mluzi, makusudi, bosi akipita anazidisha.

Ilijulikana kwamba Alhamisi muuguzi mkuu wa hospitali angekuja kupokea mzigo. Asubuhi ya siku hiyo Bi Unga akaenda maabara.

"Nipe visahani."

Wifi yake akamtazama. "Ukivitoa humu, mimi na wewe tumekwisha."

"Nitasema nimeiba."

"Huwezi kuiba ulichopewa," wifi akasema, akamwekea visahani mikononi.

Muuguzi mkuu alikuwa mama mfupi, mchache wa maneno. Bosi Fasta alikuwa anamjaza masikio kwa sifa za bidhaa pale Bi Unga alipokatiza katikati ya ukumbi, kichwa juu.

"Mama, kabla hujapokea, tazama. Hiki kisahani ni cha reli za zamani. Hiki ni cha hizi zilizoko kwenye lori."

"Huyu ni mfunga maboksi tu," bosi akasema.

"Nilikuwa mchanganyaji hadi Jumatatu. Nilikataa kusaini."

Muuguzi mkuu akafungua faili lenye cheti. "Na hii saini ni ya nani?"

Bosi akakohoa. Ilikuwa yake mwenyewe.

"Nimepima mimi, mara tatu," sauti ikatoka mlangoni. Wifi alikuwa amefuata, koti la maabara limefungwa kifungo upandeupande. "Majibu ni hayohayo."

Muuguzi mkuu akafunga faili. "Shusheni," aliwaambia wapakiaji.

Wanawake wale wawili walisimamishwa kazi kabla ya chakula cha mchana. Baada ya wiki mbili mwenye kiwanda akamwita Bi Unga: aandike barua ya kuomba radhi, arudi.

"Niombe radhi kwa lipi?"

"Kwa kumwaibisha meneja mbele ya wageni."

"Mzee, barua hiyo sitaiandika. Na bila wifi yangu sirudi."

Akaondoka. Mwezi mzima nyumbani kaka yake alimnunia, kwamba ameitia familia nzima mashakani kwa jeuri yake. Bi Unga hakutingishika. Mwishowe hospitali ikatuma ujumbe: reli zitapokelewa zikiwa na saini ya mchanganyaji yule yule aliyekataa. Kesho yake wote wawili wakarudishwa, bila barua, na saa tatu za kukoroga zikarudi.

Bosi Fasta bado ni bosi, na hamsalimii. Bi Unga yeye humsalimia kila asubuhi, kwa sauti ya kusikika hadi getini, na haondoki mpaka ajibiwe.