Mashine ya Chaki

Saa moja kasorobo asubuhi Devotha alikuwa ameshachota maji, ameshagombana na muuza mkaa na ameshashindwa. Kisado cha mkaa kilikuwa kimepungua ujazo na kupanda bei kwa mpigo, na muuzaji alisema eti ni kwa sababu ya mvua.

"Kwani mvua ndiyo inayokula mkaa?" Devotha aliuliza.

Muuzaji akacheka, lakini bei hakushusha. Basi Devotha alikunywa uji wa jana bila kuupasha, akavaa ovaroli juu ya sweta mbili, akafunga chumba chake cha kupanga na kushika njia ya chuoni. Julai ya Makambako haina huruma na mtu. Upepo ulimpiga masikioni njia nzima, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba malori ya mbao barabarani yalisikika kabla ya kuonekana.

Alikuwa na miaka ishirini na minane. Binti yake alikuwa Mawengi, Ludewa, kwa bibi yake, na kila simu aliuliza swali lilelile: mama unarudi lini? Devotha alimjibu kwamba atarudi akishakuwa fundi. Huu ulikuwa mwaka wake wa pili wa useremala katika chuo cha maendeleo ya wananchi kilichopo nje kidogo ya mji. Jumamosi alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha mbao, akipanga mbao na kufagia vumbi la msumeno, na hapo ndipo kodi ya chumba ilipotoka. Wanaume wa pale walimruhusu kushika ufagio tu. Lakini macho hawakumzuia kuyatumia.

Alipofika karakana aliwakuta wenzake kumi na mmoja wamesimama nje, na Mwalimu Hilario katikati yao.

"Devotha, kiranja wangu," mwalimu alisema, "kumekucha. Mkaguzi wa ruzuku anakuja leo, saa nane mchana."

Ili mtu aelewe kwa nini habari hiyo iliwanyima watu raha, lazima achungulie ndani ya karakana. Mwezi wa Februari serikali ilikuwa imeleta ruzuku: mashine tano mpya za useremala, za kuranda na za kupasua, pamoja na umeme wa fezi tatu wa kuziendesha. Mkuu wa chuo, Bwana Ambrose, alikuwa mtu mwema lakini mwoga wa makaratasi. Aliamini kwamba mali ya serikali haiguswi kabla mgeni rasmi hajaizindua. Akaandika barua Njombe kuomba mgeni, akaagiza mashine zibaki ndani ya nailoni zake, akazizungushia utepe mwekundu. Miezi mitano ilipita. Mgeni hakuja, jibu halikuja, na utepe ulianza kupauka.

Mwalimu Hilario hakuwa na la kufanya, akachukua chaki tangu wiki ya kwanza. Alichora mashine ya kuranda kwenye sakafu ya saruji, ukubwa uleule wa ile iliyofunikwa pembeni: meza yake, kisu chake, swichi yake, na alama mbili za nyayo pa kusimama. Mbele ya kisu alichora mstari mwekundu. Kila siku wanafunzi walisimama kwenye nyayo zile na kusukuma mbao juu ya benchi lililowekwa juu ya mchoro, na aliyevusha mkono mstari mwekundu alihesabiwa amekatwa kidole. Kidole hicho kilifungwa kitambaa mpaka jioni, na mwenyewe alikula ugali nacho kikiwa kimekunjwa. Machi peke yake Devotha alipoteza vitatu. Watu wa chuo walipita dirishani wakicheka, wakiwaita wacheza ngoma. Mwalimu hakucheka. Yeye alikuwa na vidole vinane. Viwili alivipoteza ujanani kwenye kiwanda ambako hakuna aliyemwonyesha pa kusimama.

Bwana Ambrose alimwita Devotha ofisini.

"Mkaguzi akikuta vifaa havitumiki, vinahamishiwa chuo kingine," alisema, akifuta miwani ambayo haikuwa chafu. "Na kozi bila mashine itafungwa, wamesema wazi. Nenda Njombe, mwanangu. Fuatilia ile barua ya mgeni rasmi. Nikiwa na tarehe mkononi, angalau nitakuwa na cha kumwonyesha."

"Dereva je?"

"Gari liko juu ya mawe tangu Krismasi."

Kozi ikifungwa, Devotha hakuwa na mwaka mwingine wa kuanza upya, wala pumzi yake, wala kiwanda ambacho kingempa kitu zaidi ya ufagio. Alikwenda stendi mbio. Nauli nayo ilikuwa imepanda.

Saa tatu na nusu alikuwa amesimama mbele ya dirisha la masijala katika ofisi moja ya serikali mjini Njombe. Ndani alikaa mama mmoja mnene mwenye kofia ya sufu; kibao mezani kilisema Flora.

"Kamwene, mama," Devotha alisalimia. Alikuwa Mpangwa, lakini miaka miwili kwa Wabena ilikuwa imemfundisha mlango wa kuingilia.

"Kamwene. Sema, dada."

Devotha alieleza. Mama Flora hakuinua hata daftari.

"Barua za chuo chenu huchukuliwa na dereva wenu. Ndiyo utaratibu."

"Dereva hana gari, mama. Tangu Krismasi."

"Basi barua zinamsubiri apate gari."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja saa. Kisha ikawa saa nne, na saa nne ni chai. Dirisha lilifungwa. Devotha alikaa kwenye benchi la korido, mikono kwapani, akiwa na hasira ya kumtosha kupasua mlango. Dirisha lilipofunguliwa tena, saa tano ilikuwa imekaribia, na alikuwa bado yupo.

"Wewe dada huna kazi?"

"Kazi yangu iko kwenye hicho kijisanduku chenu, mama. Nitazamie tu kama kuna kitu, hata usinipe."

Mama Flora alishusha pumzi, akanyoosha mkono kwenye kijisanduku nyuma yake, akatoa bahasha tatu. Ya juu ilikuwa na vumbi. "Zipo. Lakini mwanafunzi hapewi."

Devotha alimpigia mkuu wa chuo na kuweka sauti nje ili naye mama asikie. Bwana Ambrose aliomba, akashukuru, akaomba tena.

"Simu siyo saini," alisema Mama Flora.

Hapo Devotha aliinama dirishani, akakitazama kile kitabu cha kutolea barua kilicholala wazi. Juu ya kurasa zake kulikuwa na safu zilizopigwa kwa rula. Alizisoma kwa sauti: "Tarehe. Kumbukumbu. Jina la mpokeaji. Saini." Akainua macho. "Mama, hapa hakuna safu ya cheo. Nina jina, na saini ninayo."

Mama Flora alikitazama kitabu chake cha miaka yote kana kwamba ndiyo kwanza kinaletwa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Haya, andika. Andika vizuri, isije ikawa mimi ndiye niliyekosea."

Koridoni, kwa ruhusa ya mkuu, aliifungua bahasha yenye vumbi na kumsomea simuni. Barua ilikuwa ya tarehe kumi na moja Machi. Mgeni rasmi asingepata nafasi. Hakukuwa na haja ya uzinduzi. Kwa mujibu wa masharti ya ruzuku, vifaa vilitakiwa vianze kutumika kufundishia mara moja.

Upande wa pili wa simu karatasi zilisikika zikipekuliwa.

"Machi?" Bwana Ambrose aliuliza mwishowe.

"Machi, mkuu. Ilikuwa hapa dirishani, karibu miezi minne."

"Mh. Njoo nayo. Bila karatasi mkononi siwezi kugusa utepe."

Devotha alitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja, lakini gari la Makambako lilikuwa linapiga honi.

Gari lilisimama kila kijiji, na aliingia chuoni saa nane na dakika ishirini. Gari jeupe lilikuwa limeegeshwa mbele ya karakana. Ndani, mkaguzi, Bi Esnath, mwanamke mrefu mwenye buti za kazi, alikuwa ameshika fomu, na Bwana Ambrose alikuwa akimweleza kwa sauti ya chini.

"Mkuu, nimekuelewa," Bi Esnath alisema. "Ila fomu yangu ina nafasi mbili tu. Vinatumika. Havitumiki. 'Vinasubiri' haipo."

Devotha alimpa mkuu barua. Bwana Ambrose aliisoma, akageuza upande wa pili kuona kama kuna zaidi, kisha akampa mkaguzi. Bi Esnath naye aliisoma.

"Ruhusa mlikuwa nayo, kumbe," alisema. "Lakini barua hairandi mbao. Hawa hawajawahi kuwasha mashine hata siku moja. Niwaruhusu leo wakatike vidole, nani atajibu?"

"Wamefanya mazoezi miezi mitano," alisema Mwalimu Hilario.

"Wapi?"

Mwalimu alinyoosha mkono wake wenye vidole vitatu kuelekea sakafuni. Bi Esnath aliutazama mchoro: meza, kisu, nyayo zilizofutika na kuchorwa tena mara nyingi, mstari mwekundu. Alitazama saa yake, akavuta kigoda, akaketi.

"Nina saa moja."

Devotha alichukua patasi, akamtazama mkuu. Bwana Ambrose aliitikia kwa kichwa, na utepe ukaanguka.

Chini ya nailoni mambo yalikuwa mabaya. Baridi na ukungu vilikuwa vimeifanya mashine itoke jasho ndani ya nguo yake, na meza ya chuma ilikuwa na kutu nyekundu kama unga wa udongo. Dorkasi, mdogo kuliko wote, alishika kichwa. Lakini Devotha hakuwa amefagia bure Jumamosi zote zile.

"Leteni dizeli kidogo na msasa," alisema. "Na mshumaa. Ofisini upo, umeme ukikatika wanawasha."

Walisugua watu sita kwa zamu, wengine wakafungua nailoni za mashine zilizobaki ili nazo zipumue. Kutu ilitoka na jasho lao. Kisha Devotha alipaka meza mshumaa na kuikausha kwa kitambaa mpaka mbao ikateleza yenyewe, kama alivyowaona wakifanya kiwandani. Mwalimu alikagua kisu, kinga na nyaya, akachukua muda wake, akasema tayari.

Devotha alibonyeza swichi. Mashine ilikohoa, ikanguruma, sauti ikapanda mpaka dirisha likatetemeka. Hakukuwa na nyayo za chaki chini yake, lakini miguu yake ilienda yenyewe pale inapostahili, wa kushoto mbele, wa kulia nyuma. Alishika kisukumio. Mbao ya paina ilipita juu ya kisu, na maranda meupe yakaruka upande wa pili, yakinukia utomvu. Mikono yake ilisimama mbali na kisu, palepale palipokuwa na mstari mwekundu ambao haukuwapo. Alipoigeuza mbao, uso wake ulikuwa laini kabisa.

Dorkasi alifuata, kisha wengine wote, mmoja mmoja, kumi na wawili. Wale waliowaita wacheza ngoma walijazana dirishani, na safari hii hawakucheka. Bi Esnath alisimama kutoka kwenye kigoda, akapapasa mbao ya mwisho kwa kiganja, akaandika kwenye fomu. Aliigeuza ili Devotha aone. Vinatumika.

"Miezi minne," alimwambia Bwana Ambrose alipokuwa akiondoka. "Hilo nalo nimeliandika. La kwenu na la kule dirishani."

Bwana Ambrose aliuokota utepe, akaukunja vizuri na kuuweka mfukoni, endapo siku moja mgeni angetokea.

Mashine ikazimwa. Mwalimu Hilario aliloweka kitambaa, akapiga magoti na kuufuta mchoro wake wa chaki, kuanzia meza mpaka nyayo, mpaka ule mstari mwekundu. Aliponyanyuka macho yalikuwa na maji, na hakujisumbua kuyaficha.

"Mikono juu," aliagiza, kama alivyoagiza kila jioni kwa miezi mitano.

Walinyoosha mikono, ikiwa na vumbi la mbao na kutu kwenye kucha. Mwalimu alipita mstari mzima akihesabu kwa sauti, bila kuruka hata kidole kimoja, akafika mia moja na ishirini.

"Vimetimia," alisema. "Hakuna aliyefanana na mimi."

Jioni hiyo Devotha aliweka simu juu ya mbao yake iliyorandwa na kupiga Mawengi. Sauti ndogo iliuliza mama unarudi lini.

"Desemba," alisema. "Na nitakuja na kitanda chako, nikiwa nimekitengeneza mwenyewe."