Nyumba ya Nyasi Nyuma ya Bati

Mukhtar aliniambia anaoa mke wa pili nikiwa nasuuza mitungi ya maziwa nyuma ya nyumba. Hakukaa chini. Alisimama na ufunguo wa pikipiki mkononi, akasema msichana anaitwa Kadra, babake ni mfugaji wa upande wa Bangale, posa imekubaliwa, na arusi ni mwezi ukiandama.

Sikulia. Mbeyu, Mpokomo anayeuza ndizi kando yangu sokoni, aliniuliza baadaye kama nililia, nikamwambia ukweli kwamba nilikuwa nimechoka. Kulia nako kunataka nguvu. Mimi naamka kabla ya adhana, nawasha jiko, nampikia mume chai, namwacha mtoto kwa jirani, halafu naenda kuwangoja wanaoleta maziwa kwa pikipiki kutoka malishoni. Nayaonja mtungi kwa mtungi, maana kuna wanaoongeza maji na kuapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba ni mvua. Nauza hadi jua la utosi. Nikirudi kuna chakula, kuna nguo, kuna mfereji unaotoa maji siku unapojisikia. Mtu aliyekwisha kufanya hayo yote akiambiwa anapata mke mwenza, anachofikiria kwanza ni kama huyo mwenza anajua kuteka maji.

Dini imemruhusu, na mimi si wa kwanza hapa Garsen wala wa mwisho. Kilichonikata maini ni maneno yaliyofuata.

"Kadra atakaa chumba cha ndani," alisema. "Wewe na Ikran mtahamia cha nje."

Nyumba yetu ina vyumba viwili. Cha ndani ndicho changu tangu niolewe. Ndimo nilimomzaa Ikran, na ndimo kilimo kitanda changu. Cha nje hulala pikipiki, magunia ya chumvi ya ng'ombe, na madalali wenzake Mukhtar wakikosa usafiri siku ya mnada. Mlango wake unatazama barabara, na kila apitaye huchungulia.

"Baba Ikran, ile ni nyumba yangu," nikamwambia.

Alicheka. Si kicheko kibaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alicheka kama mtu anayemsikia mtoto akisema mwezi ni wake.

"Darmi, hebu tazama juu. Hayo mabati nani kayanunua?"

Sasa lazima nieleze jambo moja. Kwetu Waorma, nyumba ni ya mwanamke. Mama yangu aliijenga yake kwa mikono yake: alikata fito, akazikunja, akafunga kamba, akaezeka nyasi. Tulipohama aliifungua akaipakia punda, na tulikofika akaisimamisha tena. Baba alikuwa na ng'ombe, nyumba hakuwa nayo. Mwaka mmoja aliuza ndama wa Mama bila kumwambia, na Mama hakupiga kelele. Aliifungua nyumba mchana kweupe, akaipakia, akaenda kwa dada yake. Baba alibaki amesimama uwanjani na birika lake la kutawadhia. Ndama mwingine alipatikana upesi sana.

Lakini mimi niliolewa mjini. Mukhtar alitangaza mbele ya watu kwamba mkewe hatalala kwenye nyasi, akanunua mabati na saruji. Wenzangu walinionea wivu, na mimi sikuwakataza. Mama peke yake ndiye aliyeizunguka ile nyumba, akagonga ukuta kwa kidole, akauliza, "Hii inafunguliwaje?" Tulimcheka sote.

Nilienda kwa Mzee Sora, ami yake Mukhtar, mwenye duka la dawa za mifugo. Ndiye tunayempelekea mashauri. Alinikaribisha vizuri, akanipa soda, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "bati alinunua nani?"

"Mukhtar."

"Na saruji?"

"Mukhtar, Ami. Lakini maji ya kukorogea saruji niliteka mimi. Ukuta nilimwagilia mimi, asubuhi na jioni, na mimba tumboni."

"Maji ni ya Mungu," akasema. "Kila mke atakuwa na chumba. Huyo hajakudhulumu. Nenda ukae na mumeo kwa uzuri."

Nilimaliza soda yangu. Nilitaka kuimwaga, lakini kiangazi kile hakuna aliyemwaga kitu. Nikiwa njiani nikampigia Mama simu. Anaishi nje ya mji, upande wa delta, karibu na ng'ombe wachache tuliobakiwa nao. Nilimweleza yote, nikamwambia naona nirudi kwake.

"Urudi kufanya nini?" akauliza. "Umeachwa?"

"La."

"Basi huendi popote. Ukikasirika na huyo mwanamume, kwa sasa, unamfungia wapi?"

"Simfungii, Mama. Ufunguo ni wake."

"Ndiyo maana," akasema. "Nakuja."

Alikuja na gari la mkaa, ameketi mbele na dereva, na nyuma kuna mzigo wa fito za mkole na mafungu ya nyasi. Alimwagiza dereva ashushe uani, nyuma ya nyumba ya bati. Kisha akanipa panga.

Ningependa kusema kwamba damu ya wanawake wa kwetu iliamka ndani yangu na mikono ikajua yenyewe. Haikujua kitu. Mimi ni mtoto wa shule na wa mjini. Najua kupima maziwa na kujibizana na askari wa kaunti. Fito ya kwanza niliyoikunja ilinirudia ikanipiga mdomoni. Kamba ya miyaa ilinikata viganja. Mama alikuwa anafungua kila fundo langu, hasemi neno, ananirudishia kamba nianze upya. Nilikuwa nafanya kazi hiyo baada ya soko na baada ya kupika, nikiwa nimesimama kwa ukaidi tu. Kuna siku nilisinzia nimeshika fito.

Mbeyu alipita kuniona akashika kiuno.

"Darmi wee, hilo ni banda la kuku?"

"Ni nyumba."

"Nyumba gani ya kuinama? Sisi mafuriko yametufukuza kijijini Wema tukalala kwa maturubai, tunaomba Mungu atupe bati. Wewe unalo bati na unalikimbia!"

"Bati si langu, Mbeyu."

Aliitazama nyumba ya bati, akanitazama mimi na mdomo wangu uliovimba. Hakucheka tena. Aliweka kikapu chini akatushikia fito mpaka jua likaanza kushuka, huku akilalamika kwamba mgongo wake ni wa kulimia mpunga, si wa upuuzi wa Waorma.

Mukhtar alikuwa safarini kununua ng'ombe. Aliporudi alikuta mifupa ya nyumba imesimama uani kwake, mviringo, bado haijaezekwa. Uso ulimwiva.

"Hii ni nini?"

"Nyumba," nikasema.

"Watu wataniona vipi? Mukhtar mzima, dalali, mkewe analala porini katikati ya mji! Ijumaa mamake Kadra anakuja kuona mahali bintiye atakapokaa. Nataka hii iwe imeondoka."

"Siiondoi."

"Basi nitaiondoa mimi."

Akaishika fito kwa mikono miwili. Fito hizo zilikuwa ndicho kitu pekee duniani nilichoweza kusema ni changu, na zingeng'oka kwa mvuto mmoja. Mama alikuwa ameketi chini anasokota kamba. Hakuinuka. Alimtazama tu mkwewe, na mimi najua alichokuwa anamwambia kwa macho, kwa sababu kila mtoto wa Kiorma anakijua: mwanamume hatii mkono kwenye nyumba ya mke. Ng'ombe atapiga, jirani atapigana naye, lakini fito zile si zake kuzigusa. Mukhtar alizaliwa ndani ya nyumba kama ile. Akaiachia fito. Akaondoka na pikipiki, akaikanyaga kiki ya kuwashia mara nyingi kabla haijawaka, maskini, na hasira ikawa haina heshima.

Tuliezeka haraka, na Ijumaa ilipofika nyasi zilikuwa zimekamata. Mamake Kadra alishuka pamoja na wanawake wenzake baada ya swala. Ni mwanamke mrefu, mkimya, mikono migumu. Mukhtar alimtembeza kwenye nyumba ya bati: saruji hii, dirisha la kioo hili, televisheni ile, feni itazunguka stima ikirudi. Ndani mlikuwa moto, na wageni walikuwa wanajipangusa kwa ncha za buibui. Mimi nilisimama mlangoni na birika la chai. Sijui nilitazamia nini. Ndiyo, najua. Nilitazamia aone aibu, avunje posa, aondoke na bintiye, nirudi kwenye chumba changu nikalale.

"Nyumba ya binti yangu ni ipi?" akauliza yule mama.

"Hii, Mama," akasema Mukhtar. "Chumba hiki chote."

"Hii ni yako. Umetuonyesha vizuri. Nimeuliza ya binti yangu."

Mzee Sora, aliyekuja kumsaidia mpwa wake kupokea wageni, akasema kwamba siku hizi mjini mambo ni hivi, mume hujenga, mke huingia.

"Na siku akimkasirikia?" akauliza yule mama. "Binti yangu atasimama wapi? Barabarani?"

Akatoka nje kupunga upepo, na hapo ndipo alipoiona nyumba yangu. Aliizunguka pole pole. Aliingiza kidole kwenye fundo moja, lile baya ambalo Mama alichoka kulifungua akaliacha.

"Nani amejenga?"

"Mimi," nikasema.

"Naona," akasema, na nilijua ameliona fundo. Kisha akainama mlangoni akaomba ruhusa aingie. Kwangu, mimi, na mtu mzima kama yeye! Nilimkaribisha. Aliketi na Mama, nikawapa maziwa, wakaulizana habari za mvua na za koo zao hadi wakagundua undugu wa mbali, jambo ambalo wazee wetu hawashindwi kulipata. Mle ndani mlikuwa na ubaridi na harufu ya nyasi mbichi. Yule mama alikunywa akamaliza, akatoka, akamkabili Mukhtar.

"Binti yangu atakuja," akasema. "Ahadi ni ahadi. Lakini atakuja na fito zake. Tutamjengea upande ule, na mlango hautatazamana na wa huyu. Hata dini inasema kila mke na makao yake. Hii ya bati kaa mwenyewe."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Posa haikuvunjika, na sitadanganya kwamba nilifurahi. Lori lilikuja na fito, wanawake wa Bangale wakajenga kwa muda ambao mimi nilihitaji kufunga fundo langu la kwanza, na mafundo yao yalikuwa mazuri, nayo yaliniudhi. Kadra ni msichana mdogo, ana aibu, ananiita dada. Maji anajua kuteka. Anavuta miguu asubuhi kama mimi. Simpendi bado, lakini siwezi kumchukia mtu ninayemsikia anapiga miayo wakati mmoja na mimi.

Mama alirudi kwa ng'ombe wake. Mimi bado naamka kabla ya adhana. Maziwa bado yanatiwa maji, mfereji bado una kiburi. Mjini wananicheka, nasikia, na wengine wanapita kwa nyuma waone. Hakuna kilichopungua katika kazi zangu, isipokuwa kwamba nikimaliza nina mahali pa kuingia.

Juzi jua lilikuwa kali mpaka mbwa wameacha kubweka. Nilirudi kutoka sokoni nikamlaza Ikran, nikajinyoosha kando yake, na miguu ikaanza kunishukuru. Nikasikia mlango wa nyumba ya bati unafunguliwa. Mle ndani wakati wa adhuhuri unaweza kuoka mkate. Viatu vikaja hadi uani, vikasimama.

"Hodi."

Tangu anioe, Mukhtar hakuwahi kunipigia hodi. Aliingia tu, kama upepo. Sikujua kwanza kama ni mimi ninayeambiwa.

"Hodi, Darmi."

"Nani?"

"Mimi. Baba Ikran. Kule hakukaliki. Nataka nijinyooshe kidogo tu."

Angeweza kuinama akaingia. Mlango wenyewe ni mkeka. Hakuingia. Niliona vidole vya miguu yake kwa chini, vimesimama kwenye mchanga wa moto, vinabadilishana kukanyaga.

"Mwenye nyumba amechoka," nikasema. "Njoo alasiri."

Kisha akasema, "Haya," kwa sauti ndogo, na vidole vikaondoka. Nikamgeukia mtoto wangu, nikalala.