Mizani Saba Hewani

Mashine ya fotokopi iliponyamaza, sauti ya redio ikapenya ukuta wa mabati kutoka kwa fundi viatu wa jirani. Ilikuwa nzito, yenye madaha:

"Karanga za Kongwa mama, maganda nimeyatupa,
Punje zikanisimama, kooni kama mfupa,
Kila ninapoinama, jasho tu lanilipa..."

Kefa aliganda na karatasi za moto mkononi. Lilikuwa shairi lake, alilolitunga mwenyewe na kulibana kwa pini katika kijitabu alichokiuza hapahapa dukani. Na sauti ile aliijua. Rodgers! Walisoma darasa moja Kongwa. Rodgers akaenda chuo, Kefa akabaki na shamba, kisha na mashine hii.

"Huyu kaka ana sauti jamani," alisema Scolastika, aliyekaa kwenye kompyuta, akafumba macho. "Na kitabu chake cha mashairi kinatoka mwezi ujao."

Kefa alizitupa karatasi mezani. Miaka miwili anakaa mita moja na msichana huyu, hajawahi kumfanya afumbe macho hata kwa ubeti mmoja.

"Ni shairi langu!"

"Lako? Mbona ukisoma wewe linakuwa kama tangazo la mnada?"

Kefa akamtaka amchapie barua ya malalamiko: wizi wa kazi ya sanaa. Scolastika alikuwa amefika "naomba achukuliwe hatua kali" alipoingia Wakili Flaviana na hati zake za kunakilisha.

"Shikamoo, wakili. Mtu akisoma shairi langu redioni bila ruhusa, si mwizi?"

"Marahaba. Rodgers? Nimemsikiliza kwenye gari." Flaviana akaweka mkoba mezani. "Amesema, 'Kefa Chidosa wa Kongwa, katika kijitabu chake.' Hukusikia?"

Kefa akaitazama mashine. Jina lake lilipotajwa ilikuwa bado inanguruma.

"Amesoma beti ngapi?"

"Mmoja, kati ya kumi na mbili. Kisha akauhakiki. Sheria inaruhusu kunukuu kiasi cha haki kwa ajili ya uhakiki, mradi mwenye kazi atajwe. Angesoma zote na kujiita mtunzi, ningekusainia hiyo barua mwenyewe."

"Ameuhakiki vipi? Nilishughulika na barua, sikusikia."

"Amesema unauma. Ila mstari wa tatu unachechemea."

"Muongo! Ana wivu!"

Scolastika aliangua kicheko. Kefa akageukia ukutani, akainua vidole vinane vya mizani, kimoja kwa kila silabi ya kipande, akaanza kuvikunja. Ja-sho-tu-la-ni-li-pa. Akarudia polepole. Kidole cha nane kilibaki kimesimama peke yake.

Angesamehe sauti, chuo, hata macho yaliyofumbwa. Kilichomkaba ni kwamba Rodgers alikuwa sahihi, na Dodoma nzima ilikuwa imesikia.

"Niichape kopi ngapi?" Scolastika aliuliza, safari hii kwa upole.

"Ifute."

Akachukua simu, akapiga. Rodgers alipokea kwa mlio wa kwanza.

"Kefa! Ndugu yangu, umenisikia?"

"Nimekusikia. Sema 'jasho ndilo lanilipa', itakaa sawa." Akaiegemea mashine. "Sasa nisikilize. Siku kitabu chako kitakapotoka nitakinunua, nitakisoma kwa vidole, kila silabi. Nitanukuu ubeti mmoja tu, niuhakiki, na jina lako nitalitaja mbele ya watu. Nakuahidi, Rodgers."